Bangili ya Chuma ya Sutapa

"Dada, nimesema vyote. Na hicho cha chuma pia."

"Hiki hakivuliwi, nesi."

"Kinavuliwa. Daktari anatumia umeme kukatia. Chuma kikibaki mkononi kitakuunguza. Unataka utolewe mawe ya nyongo uondoke na kidonda cha moto?"

Sutapa alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, amevaa gauni la kijani la hospitali. Vitu vyake vilikuwa vimejaa kwenye kikarai: hereni, kipini cha pua, vikuku, pete mbili za fedha za vidole vya miguu. Bangili nyeupe za kombe la bahari na zile nyekundu za marijani zilikuwa zimetoka kwa sabuni, taratibu, maana ikivunjika moja ni mkosi. Kilichobaki ni kikuku kile chembamba cha mkono wa kushoto, chuma kilichovishwa dhahabu, alichovalishwa siku ya harusi miaka tisa iliyopita.

Mama mkwe wake, Binapani, alikuwa amekishika kile kikarai kama mtoto mchanga.

"Nesi, wewe ni binti wa hapa hapa Bishnupur," alisema. "Unajua kabisa. Nyeupe hutuliza mwili, nyekundu huipa damu nguvu, pete za miguuni zinasaidia kizazi. Hizo nimekubali. Lakini chuma ndiyo roho ya mume. Mke akikivua, umri wa mume unapungua."

"Mama, hata mimi ninacho. Nilipojifungua kwa kisu nilikivua, na mume wangu yuko nyumbani anakula mihogo."

"Wako yuko nyumbani. Wetu yuko Tiruppur, safari ya siku mbili kwa treni. Nani anamlinda huko?"

Nesi alitazama saa yake. "Mpigieni basi awape ruhusa. Dakika kumi. Daktari wa usingizi ameshafika."

Sutapa akapiga. Prabir, mumewe, alikuwa mwaka wa tano sasa akishona fulana kwenye kiwanda kule kusini mwa India. Zamani alikuwa akirudi kila mwaka kwa sikukuu ya Durga. Sikukuu mbili zilizopita hakuja. Alisema kazi zimebana.

Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena.

"Nini tena? Niko kazini."

"Naingia kupasuliwa sasa hivi. Wanataka nivue chuma. Nimesema siwezi bila idhini yako."

"Si uvue tu?"

Sutapa alidhani hakusikia vizuri. "Unasemaje?"

"Vua, Sutapa! Chuma ni chuma. Mambo ya wazee hayo."

Maneno hayo yalimchoma kuliko maumivu ya ubavuni. Mwaka ule alipounguzwa na maji ya wali, mkono ukavimba mpaka chuma kikazama kwenye nyama, mtu huyu huyu alimpigia mara tatu kwa siku moja. "Vumilia, mke wangu. Siku utakayokivua, ndiyo siku lori litanigonga huku." Akavumilia. Kovu lipo mpaka leo.

Nyuma ya Prabir, mtoto alipiga kelele: "Appa! Appa!" Neno hilo Sutapa alilijua kwenye filamu za kusini. Ni baba.

"Mtoto wa nani huyo?"

"Wa jirani. Nitakupigia." Akakata.

Kiwandani kuna jirani gani? Alikuwa bado anajiuliza hivyo simu ikaita. Namba ya Prabir. Akapokea haraka.

"Wewe ni nani?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, kwa Kihindi cha kuokoteza.

"Wewe ndiye nani? Hiyo ni simu ya mume wangu."

"Mume wako? Hapa umeandikwa Fundi Maji. Kila Fundi Maji akipiga, mwenzangu anatoka nje kuongea. Leo nimesikia sauti ya kike. Nataka kujua, fundi maji gani ana sauti ya kike?"

"Prabir yuko wapi?"

"Bafuni. Sema haraka."

"Mimi naitwa Sutapa. Ni mke wake."

Yule mwanamke akasema polepole, kama anayemsahihisha mtoto, "Sutapa alikufa."

"Nini?"

"Aliumwa na nyoka, miaka minne sasa. Picha yake iko hapa ukutani. Kila Ijumaa naivisha maua, kwa heshima, maana alinitangulia."

Sutapa aliikaza simu sikioni. "Kwenye hiyo picha amevaa sari gani?"

"Ya njano. Amesimama na farasi wa udongo."

Ilipigwa kwenye maonyesho ya hapo hapo mjini, mwaka wao wa kwanza. Prabir mwenyewe ndiye aliyemwambia acheke.

"Dada," alisema Sutapa, "mimi ndiye huyo marehemu."

Mwanamke yule akaanza kulia. Hakutukana. Alilia tu, huku mtoto akimuuliza kitu kwa lugha yao.

"Naitwa Kokila," alisema hatimaye. "Alinifunga uzi wa ndoa shingoni kwa mikono yake, mafundo matatu. Mbele ya baba yangu. Kila nikiamka naugusisha machoni, namwombea umri mrefu."

"Mimi naugusisha mkono huu wenye chuma kwenye paji la uso. Namwombea hicho hicho."

"Wote wawili?"

"Wote wawili, dada. Mwenzetu analindwa kuliko waziri."

Sutapa alisikia mlango ukifunguliwa kule, sauti ya Prabir ikiuliza "Unaongea na nani?", kisha simu ikafa.

Akainua kichwa. Binapani alikuwa amesimama pale pale, anatazama sakafu. Simu ya Sutapa ina kelele. Kila neno lilisikika chumba kizima. Nesi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Lakini mama mkwe hakuwa ameshtuka.

"Mama. Mbona huulizi huyo ni nani?"

Binapani aliyapanga mapambo ndani ya kikarai.

"Ulijua."

"Mwaka jana," Binapani alinong'ona. "Kijana anayefanya naye kazi alinionyesha mtoto kwenye simu. Mvulana. Ana masikio ya babu yake marehemu."

"Na mwaka mzima ukanipeleka kwa waganga. Ukaninunulia pete mpya za miguuni. Ukasema fedha inavuta mshipa wa kizazi! Mwanao haji nyumbani, Mama. Mshipa ungefanya nini peke yake?"

"Nilitaka uendelee kuwa na matumaini."

"Kwa nini?"

"Ukikata tamaa ungeondoka!" Machozi yalimtoka. "Prabir hapokei simu zangu, anapokea zako. Goti langu bovu. Nina nani mwingine? Nikikuona na kile chuma mkononi, nalala usingizi. Nasema bado ni mke wa nyumba yetu."

"Kumbe hukuwa unalinda roho yake."

"Roho yake!" Binapani alicheka kwa uchungu. "Mimi changu sikukivua hata siku ya kujifungua. Na mume wangu alikufa akiwa na miaka arobaini na moja."

Sutapa alimtazama. Angependa kumchukia kabisa, ingekuwa rahisi. Akamgeukia nesi.

"Leta koleo."

"Mwanangu, usifanye kwa hasira. Lolote likimpata..."

"Mama, mimi mwenzako nimekufa miaka minne, na bado nahema. Na yeye atahema."

Chuma kilikuwa kimebana juu ya kovu. Nesi alikipanua kidogo kidogo, akiomba radhi kila kikigusa ngozi. Kilipotoka, Sutapa alilia kwa sauti, kilio cha msibani, mpaka wagonjwa wa chumba cha pili wakachungulia. Alikuwa bado analia walipomsukuma ndani.

Alipozinduka alikuta ujumbe: "Nitakueleza kila kitu. Tafadhali usimwambie Mama."

Alicheka, mshono ukamuuma, cheko likageuka machozi. Hakujibu.

Siku ya tatu alipewa ruhusa. Kila usiku Binapani alilala sakafuni kando ya kitanda chake, akimnywesha maji kwa kijiko, na hawakuzungumza. Kaka yake Sutapa, Ashim, alikuja kutoka Sonamukhi na bajaji ya umeme, akaisimamisha getini.

"Nimekupikia wali laini na papai bichi," alisema Binapani. "Hauna mafuta kabisa. Wali uko nyumbani."

"Nakwenda kwa kaka, Mama."

"Mpaka upone?"

"Sirudi."

Binapani alilishika goti lake. "Nani atanikanda goti?"

"Mpigie mwanao."

"Hapokei."

"Najua."

Sutapa alishika mshono wake kwa mkono mmoja, akainama kwa shida, akagusa miguu ya yule mama aliyeishi naye miaka tisa. Binapani akamwekea kiganja kichwani kama ilivyo ada, na baraka ya wake za watu ikaanza kutoka yenyewe.

"Mumeo aishi..."

Ashim aliwasha bajaji. Kiganja kilibaki kichwani, mama akitafuta baraka nyingine ambayo maisha yake yote hakuwahi kufundishwa.

"Uishi wewe," alisema mwishowe. "Wewe, mwanangu."