Debe la Mama Mkwe

"Usinishike, Fikirini. Wakituona watasema mchawi naye ana bwana."

Fikirini akaurudisha mkono upesi. Walikuwa bondeni, kwenye kisima wanakoteremka wanawake wa Chilangala tangu alfajiri, wajaze mitungi, kisha wapande mlima na jua la utosini. Kule juu hupati maji hata uchimbe mpaka ahera.

"Mchawi nani?"

"Mimi."

"Adija, acha mzaha."

"Mzaha? Mama wiki ya tatu hii anatapika. Tumbo linamuwaka, miguu imekufa ganzi, hasimami. Na mdogo wangu Pili kaanza jana. Nyumba nzima inaumwa, mzima ni mimi peke yangu. Mjomba Husseni kaniuliza mbele ya watu, 'Wewe una nini hata ugonjwa unakuruka?' Nimjibu nini?"

Fikirini akautazama mtungi wake.

"Wewe unakunywa maji ya wapi?" akauliza.

"Swali gani hilo? Ya mtungi wangu wa zamani. Debe ulilompa mama ni la mama. Binti akilinywea kabla ya ndoa si watasema ana pupa ya mume? Au kwenu Chiwata mwiko huo hamna?"

"Tunao."

"Basi! Pili ni mtoto, anakunywa. Na mama alivyolipenda debe lile, jamani! Mwezi wa pili huu kila mgeni anaonyeshwa. 'Mkwe wangu kaninunulia kwa Mhindi, Lindi.' Hata sasa hawezi kujigeuza kitandani, ukimpa maji ya mtungi anakataa, anataka ya debe la mkwe."

Fikirini akainama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Viatu vyenyewe hakuvaa.

"Jumamosi asubuhi nanyweshwa mwavi," Adija akasema.

Mwavi, kwa asiyeujua, ni dawa ya gome la mti. Anayeshukiwa uchawi anapewa anywe. Akitapika, hana hatia. Asipotapika anakufa, na watu wanarudi majumbani wakisema haki imetendeka. Mwalimu wa chuoni ameukataza, Mdachi wa bomani, Mjerumani mtawala, ameukataza, na watu wanaunywa vilevile.

"Kataa, Adija!"

"Nikikataa ndiyo nimekiri. Sema wewe na mjomba, anakupenda. Mwambie lolote."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Leo leo."

Adija akamtazama kwa macho ya mtu aliyeutua mzigo. Akajitwika mtungi, akaanza kupanda. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Sasa nikwambie ukweli aliokuwa akiuficha mwanaume huyu. Lindi hakwenda. Mhindi hakumwona. Fikirini alikuwa mnyapara kwenye shamba la pamba la Mdachi mmoja, kule chini ya Newala. Wadudu walipoivamia pamba, yule Mdachi alileta unga wa kijani kwenye madebe. Wakawa wanaukoroga na maji, wanainyunyizia mipamba kwa fagio za majani. Panya walikufa, mbuzi aliyepenya uani akafa, na Mdachi akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, "Debe tupu, zika. Nyumbani hapana."

Fikirini alisikia vizuri kabisa. Lakini azike debe? Mlimani, ambako mtungi ukivunjika nyumba nzima inaomboleza? Akalichukua moja, akalisugua kwa mchanga na majivu mara tatu mpaka likang'aa, akampelekea mama mkwe.

Na kwa nini asiseme lilikotoka? Kwa sababu baba yake Adija alichapwa viboko kwenye shamba la pamba la jumbe, lililolimwa kwa amri ya Mdachi, akaingia vita vya Maji Maji na uchungu wa viboko vile, hakurudi. Tangu hapo mjomba Husseni alikuwa na neno moja: "Mkono ulioshika pamba ya Mdachi hauoi kwangu." Fikirini akajiita mchuuzi wa nta. Uongo mmoja ukazaa wa pili, na wa pili ndio uliobeba maji.

Jumatano jioni hakwenda kwa mjomba. Kichwa kilimuuma, alijiambia.

Alhamisi akaja Mwanaisha, shoga yake Adija, mwanamke asiyejua kupunguza maneno.

"Adija anauliza: umesema na mjomba?"

"Mwambie kesho."

"Kesho?"

"Ndiyo. Na mwambie... mama yake wampe maji ya mtungi. Hilo debe waliache."

"Kwa nini?"

"Basi tu."

Mwanaisha akasonya. "Mwenzio anachimbiwa kaburi, wewe unatuma 'basi tu'. Haya. Nitafikisha."

Ijumaa, baada ya sala, alikwenda. Nampa haki yake, alikwenda. Lakini alipopiga hodi tu, mjomba akamshika bega.

"Karibu, mwanangu! Pikeni kuku! Huyu ndiye kijana. Wenzake wanamlambia Mdachi miguu kwenye pamba, yeye anachuuza nta yake kwa jasho halali. Kaa, baba."

"Shikamoo mjomba. Nina neno..."

"Marahaba. Kula kwanza."

Akala. Jamani, akala! Kila tonge lilikwama kifuani, na kila tonge lilipokwama mjomba alimmegea jingine. Aliponawa, mjomba akauliza, "Ulikuwa na neno?"

"Nilitaka... kuwapa pole ya mgonjwa."

"Tumepoa. Kesho tutajua mbaya wetu ni nani."

Akatoka. Njiani akakutana na Mwanaisha anapandisha maji.

"Adija anasema Pili hamezi tena. Na anasema kama jibu ni kesho tena, usijibu."

Fikirini akampisha njia. Alifika kwake, akakaa kizingitini, akazitazama kucha zake. Zilikuwa na mistari myeupe, kila ukucha mstari mmoja wa kukingama, tangu alipoanza kunyunyiza ule unga. Alijionea kinyaa. Mwanaume mzima, anakula kuku kwa mtu anayemwulia mchumba, kisha anasema pole ya mgonjwa!

Jumamosi jua lilipochomoza watu walikwishajaa uani. Adija amekaa mkekani, kanga nyeupe, kichwa wazi. Mama yake ametolewa nje, ameegemezwa ukutani, macho yamezama. Mganga anakoroga kibuyu.

Fikirini akapasua katikati ya watu.

"Mjomba, simamisha!"

"Kuna nini, mwanangu?"

"Adija hana kosa. Ni debe. Debe nililoleta mimi. Lilikuwa na sumu ya wadudu wa pamba."

"Sumu ya pamba? Wewe umepata wapi sumu ya pamba?"

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Fikirini akapiga magoti.

"Mimi si mchuuzi wa nta. Mimi ni mnyapara wa pamba ya Mdachi. Debe sikununua. Niliambiwa nilizike, nikaliosha, nikalileta."

Mganga akacheka.

"Anamtetea bibi yake! Nani hajui wapenzi?"

"Tazama kucha zangu!" Fikirini akanyoosha mikono. "Hii mistari kila anayenyunyiza unga ule anayo. Sasa tazameni za mama. Tazameni za Pili."

Mwanaisha ndiye aliyekwenda. Akakishika kiganja cha mama, akakigeuza juani. Mistari ileile. Akamtazama Pili mlangoni: ileile. Kisha akauinua mkono wa Adija, kucha safi. Akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Basi tu, eeh? Ndiyo ilikuwa basi tu?"

Mjomba Husseni akakichukua kibuyu cha mwavi kutoka kwa mganga, akakimwaga chini. Halafu akamgeukia Fikirini. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Jana umekula kuku wangu."

"Ndiyo, mjomba."

"Ukijua."

"Nikijua."

"Ondoka machoni pangu."

Aliondoka na watu wakimpisha njia kama anayenuka. Adija hakugeuza hata kichwa.

Aliacha unyapara siku ileile. Kisha akafanya jambo lililomgharimu kuliko viboko: wanyapara wenzake nao walikuwa wamegawa madebe, akayafuata nyumba kwa nyumba, Chilangala hadi Newala.

"Hodi. Debe hili mliletewa na nani? Ni sumu. Naliomba."

"Wewe si ndiye yule aliyemnywesha mkwewe?"

"Ndiye mimi."

Kila mlango jibu lilikuwa hilo hilo. Wengine walimpa debe, wengine walimmwagia maji yaliyomo. Madebe tisa aliyazika kwa mkono wake.

Pili alipona kwanza, watoto wana siri zao na Mungu. Mama alichukua miezi, akaanza kutembea na fimbo, na miguu haikurudi kama zamani. Mtama ulipovunwa, Mwanaisha akaja kwa Fikirini.

"Adija anakuita kisimani. Mimi ningekuwa yeye nisingekuita."

Akateremka mbio. Adija alikuwa amekaa juu ya jiwe, mtungi mtupu pembeni.

"Debe nimekusamehe," akasema bila salamu. "Uliliosha. Hukujua kama sumu inajificha kwenye mshono wa bati."

"Adija..."

"Sijamaliza. Nilipokwambia Jumatano, ulijua?"

"Nilijua."

"Nikarudi nyumbani nikalala usingizi, nikijua nina mtu. Ulinifanya nilale, Fikirini."

Aliliaje yule mwanaume! Alilia mpaka makamasi. Adija alimwacha alie, kisha akamsogezea upande wa kanga yake.

"Futa uso. Watu wanakuja. Mimi bado nakupenda, na hilo ndilo linaloniuma. Lakini mwenye kusema ndiyo si mimi. Ni aliyekunywa."

Aliyekunywa alisema hivi, ameketi mlangoni na fimbo yake, Fikirini amepiga magoti mavumbini:

"Kwetu mume anahamia kwa mkewe. Utahamia hapa, utalima shamba langu kwa sababu miguu yangu umeila. Na maji yatakayoingia nyumba hii, wa kwanza kuyanywa ni wewe."

"Nimekubali, mama."

"Sijamaliza. Husseni naye ana lake."

La mjomba lilisubiri siku ya ndoa. Wanaume wamejaa barazani, mwalimu ameshika mkono wa Fikirini, bibi harusi yuko ndani na wanawake, pazia limeshushwa. Mjomba akainua kidole.

"Mwalimu, kabla hujamwozesha. Mwanzo aliposa kwetu kwa uongo. Leo aseme yeye ni nani, mbele ya watu."

Fikirini akatazama nyuso zile. Aibu ilimpanda kuanzia miguuni. Lakini alisema.

"Mimi Fikirini, wa Chiwata. Nilikuwa mnyapara wa pamba ya Mdachi, nikasema ni mchuuzi wa nta. Nilimletea mama mkwe wangu sumu, nikasema ni zawadi ya dukani. Mchumba wangu nusura anyweshwe mwavi kwa kosa langu, na nikijua hivyo, nikanyamaza siku mbili."

Mwalimu akamtazama mjomba.

Ndipo sauti ya Adija ikatoka nyuma ya pazia, taratibu, kila mtu akaisikia:

"Tatu."

Fikirini akafumba macho.

"Tatu," akasema. "Jumatano, Alhamisi, na Ijumaa."

"Sasa mwozeshe," Adija akasema.