Kazi ya Wangechi Ilitoka Ng'ambo

Asubuhi kule Saboti, karibu na mji wa Kitale, huanza na ng'ombe. Wangechi alikamua, akapeleka maziwa barabarani, kisha akanawa mikono na kuwasha kompyuta yake mezani. Alikuwa amesomea kazi ya ofisi, lakini ofisi za Kitale hazikumwita. Basi alitafuta kazi za mtandaoni, zile unazowafanyia wateja wa nchi nyingine ukiwa nyumbani kwako. Alituma barua ile ile kila mahali. Hakuna aliyejibu.

Mwishowe alijibiwa. Mtu aliyejiita ajenti alisema kazi ipo Kanada, ila kwanza alipe ada ya usajili. Ada yenyewe ilikuwa kubwa.

Mama yake, Wakonyo, alifikiri kidogo. "Tuuze huyu mtamba," akasema. "Kazi ikipatikana, tutanunua mwingine."

Mtamba huyo alikuwa karibu kuzaa ndama wake wa kwanza. Hata hivyo, mnunuzi aliambiwa aje Jumamosi.

Kabla ya siku hiyo, Wangechi alienda Bungoma kumwona Edinah, aliyekuwa jirani yao zamani. Kwa miaka mingi Edinah alikuwa akiwafanyia kazi wateja wa ng'ambo, akiwa katika chumba kidogo nyuma ya soko. Alisoma ujumbe wa ajenti kwenye simu ya Wangechi, akamrudishia.

"Huyu ni mwizi," alisema.

"Lakini anti, ametuma hadi picha ya ofisi."

"Si hata mimi naweza kukutumia picha ya ofisi ya mfalme? Sikia, Wangechi. Mwenye kazi ndiye hulipa. Mtu akikudai pesa ndio akupe kazi, hapo hakuna kazi. Usiuze kitu."

Wangechi aliona aibu. Kisha akajisikia mwepesi, kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi. Akampigia mama yake simu hapo hapo: mnunuzi asije.

"Sasa niambie," Edinah akasema, "wewe unajua kufanya nini vizuri?"

"Naweza kazi yoyote, anti."

"Hakuna mtu hutafuta mtu wa kazi yoyote, bana. Wewe umekua na Wakikuyu, na Wabukusu, na watu wa Mlima Elgon. Kiswahili cha kila mtu unakisikia. Kuna wateja hurekodi watu wakiongea, halafu wanatafuta mtu wa kuandika yale maneno. Tafuta hao."

"Na wakiuliza kama nimewahi kufanya?"

"Waonyeshe. Rekodi mtu, uandike. Lakini muombe ruhusa kwanza."

Akamfundisha na mengine. Asome tangazo hadi mwisho. Amchunguze mteja kabla ya kumwamini. Asianze kazi kabla hawajaandikiana kazi ni kiasi gani, inaisha lini, na malipo yatakuja kwa njia gani. "Na ukilipwa, ukumbuke kodi ya serikali," akaongeza. "Na usiahidi kumaliza kesho kama stima ya huko kwenu hupotea ovyo."

Nyumbani, Wangechi alimwomba mama yake ruhusa amrekodi akieleza jinsi wazazi wake walivyohama kutoka Nyeri, wakakuta shamba lenye nyasi ndefu kuliko mtoto. Kwanza Wakonyo alikataa. Alipoanza, hakunyamaza tena. Wangechi aliandika kila neno, akaonyesha kazi hiyo kwa wateja, na safari hii yeye akamwandikia kila mteja barua ya peke yake, fupi.

Wengi walinyamaza. Mmoja akajibu. Aliitwa Marit, mtafiti wa Norwei, na alikuwa amerekodi wakulima wa Bokoli, huko Bungoma. Alituma kipande kifupi cha majaribio, akaahidi kukilipia.

Katika kipande hicho mzee mmoja alisema, "Mwaka ule wa njaa, kura ni mara moja kwa siku."

Wangechi alitabasamu. Akaandika "kula," na chini yake akaeleza kwamba watu wengi wa huko hubadilisha l na r.

Kesho yake Marit alimpigia simu ya video. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, cha pole pole. "Wawili kabla yako waliandika kura," alisema. "Nilikaa nikijiuliza, watu hawa walikuwa wanamchagua nani kila siku?"

Walicheka hadi Wakonyo akaja kuchungulia mlangoni.

Mkataba ulikuja wiki hiyo. Wangechi aliusoma bila haraka. Siku ya malipo haikutajwa, akauliza, ikaandikwa, ndipo akatia sahihi. Stima ilipopotea, alimwarifu Marit mapema. Malipo ya kwanza yalipoingia, alinunua sola ya kuleta umeme, na Wakonyo akawaeleza wanawake wote kanisani.

Kisha Marit akaleta kazi nyingine. Safari hii waliorekodiwa walikuwa wazee wa Mlima Elgon, na walichanganya Kiswahili na Kisabaoti. Wangechi alisikiliza mara mbili. Angeweza kubahatisha, lakini hakutaka.

"Kisabaoti sikijui vizuri," alimwandikia Marit. "Lakini jirani yetu Kipkemei amezaliwa nacho, na anaandika vizuri."

Marit alimjaribu Kipkemei, akapendezwa, akampa mkataba wake mwenyewe.

Siku ya kwanza Kipkemei alifika na kompyuta ya kuazima chini ya koti, mvua ikinyesha. Wangechi alimvutia kiti. Wakaupitia mkataba pamoja, mstari kwa mstari, kisha kila mmoja akavaa vifaa vyake vya masikioni, wakaanza kazi.

Wakonyo aliwatazama, akarudi jikoni kuongeza maji kwenye sufuria ya chai.