Salamu Zilizofutika

Mnada wa Mingoyo ulikuwa umefurika. Mwanahija, ndani ya dera la zambarau, alikuwa akipanga vitenge vyake pale Twalib alipopita na kibodi nene ya rangi ya maziwa kifuani, ameikumbatia kama mtoto mchanga.

"Kaka'angu, umeuziwa kibodi bila kompyuta!"

"Kompyuta yenyewe imo humu ndani, dada. Ya zamani, kabla hatujazaliwa. Natungia muziki."

"Muziki gani huo?"

"Kama ule wa michezo ya simu za kitochi. Nipe namba, nikusikilizishe."

"Mjanja wewe," alisema, na namba akatoa. Mapenzi ni majani, popote huota, hata kwenye vumbi la mnada.

Twalib alikuwa fundi redio mjini Lindi. Mwanahija aliishi Kilwa Masoko na shangazi yake. Simu zikawa hazilali. Twalib aliiweka simu karibu na spika, mashine ikatoa sauti zake tatu tu, kavu, naye akazisuka hadi msichana wa watu akasahau chungu jikoni.

"Laazizi, nimekutungia wimbo. Ila mashine hii huhifadhi kazi kwenye kaseti, na kaseti tupu haziuzwi tena."

"Zipo za marehemu baba, nyimbo za dansi tu. Nitakuletea, ufute upendavyo."

Akampelekea mfuko mzima. Twalib akachagua kaseti isiyo na maandishi, akauhifadhi humo wimbo wa mpenzi wake. Hakuisikiliza kwanza. Aisikilize ya nini, na mwenyewe kasema afute?

Siku moja shangazi akauliza, "Mwanangu, zile kaseti za kaka yangu zi wapi? Ile isiyoandikwa ni barua ya mama yako. Alijirekodi, akampelekea baba yako Muskati, wewe ukiwa mchanga."

Mwanahija alifiwa na mama kabla hajaishika sura yake, seuze sauti. Alipanda basi la Lindi, mtandio ukimdondoka begani, akaingia dukani kwa Twalib bila hata salamu. Kaseti ikatiwa redioni. Ukatoka ukelele mkali usio na neno wala wimbo, maana kazi za mashine ile zikichezwa redioni huwa kelele tupu. Akaizima.

"Umemfuta mama yangu."

"Mpenzi, si ulisema..."

"Najua nilichosema!"

Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akamwachia Twalib adhabu ambayo nusu yake ilimstahili yeye mwenyewe.

Simu hakupokea tena. Masika yakaingia, yakaisha. Twalib akakonda, redio za watu zikajaa vumbi. Mchana mmoja akaitia tena kaseti ile, ajiadhibu kwa kelele zake hadi mwisho. Kelele zikakatika. Akasikia mwanamke akikohoa.

Alipiga kwa namba ya shangazi.

"Shikamoo, shangazi. Nakuomba uniitie Mwanahija. Wimbo wangu ulikuwa mfupi. Kaseti ni ndefu."

Simu ikawekwa mkekani, wanawake wawili wakaiinamia.

"...muhogo umekauka huku, mume wangu, ila tunakula. Kofia yako nimeimaliza. Rudi kabla ya mfungo..."

Sauti nyembamba, yenye mafua. Ikasema kidogo, ikaisha.

"Ndiye," shangazi alilia. "Ndiye wifi yangu."

"Hakunitaja," Mwanahija alisema.

"Alikutaja, mwanangu. Kwetu habari haianzi bila salamu. Alisalimia nyumba nzima, akakuita jina, akikubembeleza umjibu baba. Ilikuwa pale mwanzo."

Pale mwanzo ndipo ulipokaa wimbo wa Twalib. Mwanahija alilia kwa sauti, na Twalib huko Lindi akayasikia yote, asikate simu.

"Nisamehe, mpenzi."

"Nimekusamehe. Mimi ndiye sijui nani atanisamehe. Ilete hiyo kaseti."

"Nije na wazee wangu?"

Mwanahija aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Njoo nao. Lakini usiniite kwa jina lile aliloniita mama, Twalib. Si sasa."

"Nikuite nani, basi?"

"Usiniite. Piga hodi tu, nitajua ni wewe."