Sarafu za Alhamisi

"Umezisugua na nini?"

"Dawa ya meno na limau. Mbona unanikodolea macho? Tazama zinavyong'aa!"

"Dada Adhiambo, bosi alisema zisiguswe! Ule weusi ndio thamani yake."

"Wewe uliyeachia shule kidato cha pili utanifundisha nini? Zilikuwa chafu kama sufuria ya kuni."

Lakini alishaiweka chini ile aliyokuwa akiisugua.

Bosi alizinunua London. Alituambia kwamba wafalme wa Kiingereza huwapa wazee sarafu za fedha kanisani, Alhamisi ya kabla ya Pasaka, na kwamba zamani mfalme alipiga magoti kwanza, akawaosha maskini miguu. Hizi zilikuwa za zamani hizo.

Adhiambo alikuwa asafiri kurudi nyumbani Ijumaa. Mwanawe alimwacha akinyonya; sasa anasoma. Pasipoti yake ilikuwa kwa bosi, na bosi angerudi Riyadh kesho yake kutoka Jeddah.

Adhana ya magharibi ilikwisha. Mtaa wote wa Al-Malqa ukanyamaza. Nikabeba beseni la maji meusi, yale aliyooshea sarafu, nikafungua mlango wa jikoni nikayamwage.

Harufu ya maua... na chini yake, kitu kilichooza.

Kikongwe alikuwa amesimama kizingitini. Peku. Geti lilikuwa limefungwa, na ufunguo aliondoka nao Onesmus, dereva.

"Mmeniamsha," alinong'ona. Kiswahili chake kilikuwa kama cha nyumbani, lakini midomo haikucheza.

Beseni likaniponyoka, likatua sakafuni wima. Akapita kando yangu, akagusa sarafu moja pale mezani.

Ikarudi nyeusi.

"Nioshe miguu," alimwambia Adhiambo. "Zote zitarudi zilivyokuwa."

"Dada, usi..."

"Bosi akizikuta hivi, siendi nyumbani," Adhiambo alininong'oneza. "Ni miguu tu, Maryann. Humu ndani nimeosha mingapi?"

Akapiga magoti.

Chwa... chwa... chwa...

Sarafu zikaanza kufifia, moja baada ya nyingine. Maji ya beseni yakatakata, yakawa meupe kama ya kunywa. Weusi ulikuwa ukipanda mikononi mwa Adhiambo. Viganja. Vifundo. Viwiko.

"Halas, yatosha, dada! Zimerudi zote. Inuka!"

Hakuinuka.

Nikamshika makwapani nikavuta. Ni kama nilivuta ukuta. Alinitazama, machozi yakimtiririka, lakini mikono yake haikuacha kuosha.

Kikongwe akaitoa miguu majini, akaelekea mlangoni. Huko nje, uani, nikasikia nyayo nyingine zilizolowa. Nyingi.

"Mwachie!" nililia. "Anasafiri Ijumaa! Ana mtoto!"

Akageuka kizingitini.

"Mwambie asiinuke," alisema. "Wenzangu wamefika."