Jumapili Saba za Genoveva

Siku ile mjinga nilikuwa mie. Nalisema mapema, msije mkamsingizia Genoveva.

Ilikuwa mwaka 1953. Alisimama mlangoni kwao Temeke, barua zangu saba mkononi, macho makavu.

— Anselmo, maneno haya ya Kizungu hapa mwisho umeyaandika wewe?

— Nani mwingine? Hicho Kiingereza cha ofisini, mtoto wewe!

— "I look forward to seeing you." Maana yake nini?

Nikakohoa. Nilikuwa karani wa kupiga taipu bandarini. Kila barua ya bwana mkubwa iliishia na maneno ya namna hiyo, juu kidogo ya sahihi. Mie niliyaona kama urembo tu, kama mkufu shingoni.

— Ni salamu ya kufungia, nikasema. Barua ya heshima haikosi hiyo.

Akacheka, kicheko cha kuniumiza.

— Mwalimu Adelard alinieleza tangu barua ya kwanza. Ni mtu anayengoja kukuona kwa hamu, moyo wake umeshatangulia njiani. Basi mie nikafagia uwanja. Jumapili saba, Anselmo! Nimevaa gauni la Pasaka, nimekaa barazani mpaka mama akanihurumia.

— Geno...

— Leo saa kumi anakuja mshenga.

— Mshenga wa nani?

— Wa Adelard. Ulidhani alikuwa ananisomea barua zako bure?

Akanitupia barua, akaingia ndani.

Nyie vijana wa leo mnacheka. Temeke ile ilikuwa mchanga na mikorosho, na mwanamume hakujipeleka kuposa. Ulitafuta mtu mzima mwenye ulimi, akaenda kukusemea, wewe ukajificha kwako ukitetemeka. Mjomba wangu Nikodemu, ambaye ndiye angenisemea, alikuwa Masasi. Na saa tisa ilikuwa imeshapita.

Nikapiga hodi.

Mzee Gozbert, baba yake, alikuwa sebuleni akikitandikia kiti kitambaa cheupe. Kiti cha mshenga.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Umetumwa na nani?

— Nimejituma. Nimekuja kumposa Genoveva.

Nyuma ya pazia mama yake Genoveva, Mama Filomena, akaangusha sufuria.

— Kijana, una homa? mzee akauliza. Mtu hajiposei mwenyewe kama anayekwenda kununua samaki! Geno! Njoo hapa. Huyu unamjua?

— Namjua, baba. Ameniandikia uongo mara saba.

— Si uongo! nikaropoka. Maneno niliyanakili ofisini, maana yake sikuijua, nakiri. Lakini hizo Jumapili zote nilikuwa ng'ambo ya barabara, dukani kwa Nassibu. Nanunua kiberiti, nakutazama. Nikiona ulivyopendeza nasema, huyu anamngoja mtu wa maana. Narudi zangu Keko kwa miguu.

— Kila Jumapili?

— Viberiti saba viko chumbani. Hata sigara sivuti.

Pazia likacheka. Genoveva alijitahidi kununa, mdomo ukamsaliti.

— Na ulishindwa nini kuvuka barabara?

— Woga.

— Leo je?

— Leo naogopa zaidi. Ila nimevuka.

Mzee Gozbert akapiga meza.

— Basi, imetosha! Adelard ni mwalimu, ni kijana wa kwetu Bukoba, na mshenga wake yuko njiani, mtu mzima mwenye koti. Huyu hana mshenga, hana mjomba, hana hata kofia. Umeona wapi posa isiyo na msemaji? Nani wa kumsemea huyu humu ndani?

Genoveva akakivuta kile kiti, akakikalia juu ya kitambaa cheupe, akakunja mikono.

— Mie, baba. Haya, taja mahari.