Aliniibia Mama Kwenye Jarida

Nina miaka thelathini na moja, mama wa watoto wawili. Ni mshonaji hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, upande wa Misiera. Naandika nikiwa na hasira, na wala siombi radhi!

Mama yangu alikufa mwaka niliojifungua mtoto wa kwanza. Aliniachia rundo la kurasa za jarida hili la mitindo, na picha yake moja tu, akiwa amevaa gauni alilojishonea.

Jarida hili sisi tulilijulia kwenye sukari... ndiyo, sukari! Mwenye duka wa Rwekubo, senta jirani na kambi, alikuwa akichana kurasa za matoleo ya zamani na kufungia bidhaa. Mama akifika nyumbani anazinyoosha kwa kiganja, anazitazama weee, hadi akajua kukata nguo bila kufundishwa. Kusoma hakujua. Yakaja magauni ya kiuno chembamba, yakapita. Vikaja vimini, vikapigwa marufuku, mama akaongeza pindo. Wakati wa vita jarida likapotea kabisa madukani, kisha likarudi na mabega yaliyotuna. Yote hayo mama aliyashona.

Basi, jarida likatangaza sherehe ya miaka yake mingi. Wasomaji tueleze historia yake ilivyopita majumbani mwetu, tutie na picha. Mshindi angepewa cherehani mpya.

Niliandika wiki tatu. Nililia nikiandika! Lakini mkimbizi gani ana sanduku la posta? Nikamwendea Shamsa wa mjini Mbarara, mke wa muuza vitambaa. Huyo nilimwita dada. Nguo za Idi za wanawe nilizishona mimi, miaka sita. Akaniambia nisijisumbue kutia jina kwenye barua, yeye angeliandika juu ya bahasha pamoja na sanduku la mumewe, ili zawadi isipotee njiani. Nikakubali, nikamkabidhi barua na picha ile moja. Mjinga mimi!

Miezi ikapita. Siku moja niko Rwekubo kununua uzi, nikaliona toleo la sherehe. Nikafungua... mama yangu! Ukurasa mzima, anatabasamu. Nikaubusu ukurasa ule kwa furaha.

Kisha nikasoma maneno chini ya picha. "Marehemu mama mzazi wa Bi Shamsa, Mbarara."

Nikapanda gari la Mbarara siku hiyo hiyo. Cherehani niliikuta dukani kwao, inang'aa, na pembeni yake ameketi mama mzazi wa Shamsa mwenyewe, mzima wa afya, akinikaribisha chai! Mwanamke ana mama yake hai, anakuja kuniibia mfu wangu? Haya hana kabisa?

Niliwasomea maneno yale, kisha nikamwambia Shamsa cherehani abaki nayo, imle. Nilitaka picha tu. Hata hakuinuka, akaniita nyabo, yaani bibi, kama mteja asiyemjua.

"Nyabo, picha hawarudishi. Na sanduku ni ya bwana yangu. Wewe iko na sanduku?"

Wateja wakacheka. Mama yake hakucheka. Aliweka kikombe chini, akamwuliza bintiye kama ni kweli amemwua angali anapumua.

Niliwaandikia wahariri mara mbili. Hata wangejibu, jibu lingepitia sanduku gani? Mwanangu mkubwa akaniuliza kwa nini bibi yake amehamia kwa watu wengine... Ana miaka saba tu.

Dada zangu mnaonisoma, urafiki si wa kukabidhiwa jina lako. Barua yako itie jina kwa mkono wako, kisha ipeleke posta mwenyewe, hata kama ni safari ya siku nzima. Nyuma ya picha ya marehemu andika yeye ni nani, maana hatafufuka kujitetea. Mimi niliona aibu kuonekana simwamini rafiki. Aibu hiyo imenila.

Barua hii nimeileta posta ya Mbarara mwenyewe, kwa sanduku la katekista wetu wa kanisani, na jina langu lipo juu ya bahasha.

Nanyi wahariri, cherehani siitaki. Mwanamke yule mliyemchapa ukurasa mzima aliitwa Mukarubuga. Chapeni hilo jina!