Nani Ameunyoosha Mchemraba?

Krik, krik, krik. Shangazi alijifunika mto usoni, lakini wapi! Alikuwa muuguzi, ametoka zamu ya usiku, na usingizi wa mchana ndio pekee aliokuwa nao. Sebuleni, nyuma ya ukuta mwembamba, mtoto wa kaka yake alikuwa akizungusha mchemraba wake wa rangi, ule wa kupangwa mpaka kila upande uwe rangi moja, kama vile hakuna binadamu aliyelala.

"Wewe Bi Nyoosha!" alifoka. "Hicho kidude kitanitia wazimu!"

"Shangazi, mashindano ni Jumamosi."

"Basi nenda kakichezee uani!"

Jina la Bi Nyoosha alipewa na shangazi huyo huyo, likaenea mpaka shuleni. Msichana huyu hakuweza kuona kitu kimekaa upande akakiacha. Mkeka, picha ya ukutani, kola ya mwenzake mstarini, vyote alivinyoosha, na mara nyingi hata hakujua kwamba amevigusa.

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa wachezaji kutoka shule kadhaa. Mwalimu wa hisabati, aliyekuwa msimamizi, alisimama mbele na kuanza kusoma kanuni. Bi Nyoosha alishusha pumzi kwa nguvu. Alikuja kushindana, si kuhutubiwa.

"Utautazama mchemraba uliovurugwa kwa sekunde kumi na tano, bila kuzungusha hata safu moja," mwalimu alisema. "Ukimaliza kuupanga, simamisha saa kwa mikono yote miwili. Kuanzia hapo usiuguse! Mwamuzi ataukagua. Safu ikibaki imepinda kupita nusu ya njia ya kufika mahali pake, unaongezewa sekunde mbili. Ukiugusa kabla ya uamuzi, jaribio lako limekufa. Na kila anayesubiri zamu yake atakuwa mwamuzi wa mwenzake."

"Mwalimu, mimi sikuja kutazama vidole vya watu!" Bi Nyoosha alilalamika.

"Na vyako vitatazamwa na nani? Panya?"

Ukumbi ulicheka. Bi Nyoosha alinuna.

Kufikia mchana, nafasi ya fainali ilibaki moja. Bi Nyoosha alikuwa amemaliza majaribio yake yote, na mtu mmoja tu ndiye angeweza kumpita: mvulana wa shule ya jirani aliyeitwa Kimya, kwa sababu maneno yake yalikuwa ya kuhesabu. Kimya alibakiwa na jaribio moja. Na mwamuzi aliyepangwa mezani kwake? Bi Nyoosha!

"Mwalimu, huyu si ndiye ninayegombea naye nafasi?" Bi Nyoosha aliuliza.

"Waamuzi wengine wote wana kazi. Una kasoro ya macho? Kaa!"

Kimya aliupanga mchemraba kwa kasi, akapiga saa na kuikodolea macho. Alikuwa amempita Bi Nyoosha kwa chini ya sekunde moja. Lakini safu ya juu ya mchemraba ilikuwa imepinda.

"Sekunde mbili," Bi Nyoosha alitamka upesi. Kwa sekunde mbili hizo, Kimya alikuwa nje.

"Haikufika nusu," Kimya alisema.

Wote wawili wakautazama mchemraba. Ulikuwa umenyooka. Kidole cha Bi Nyoosha kilikuwa bado juu yake. Aliurudisha mkono mapajani haraka. Macho ya Kimya yalikuwa kwenye saa, kwa hiyo hakuona kitu.

Mwalimu alifika akikunja uso. "Mnabishania nini? Mbona umenyooka huu? Nani ameunyoosha mchemraba?"

Mwalimu akamgeukia mchezaji. "Kijana, kanuni unaijua. Umeugusa?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi umejinyoosha wenyewe? Ukiugusa, jaribio limekufa!"

Kimya alitikisa kichwa tu. Bi Nyoosha alitaka kumpigia kelele. Si ajitetee! Si abishe! Yeye mwenyewe Bi Nyoosha angenyamaza tu dakika moja, fainali ilikuwa yake. Lakini kijana wa watu alisimama pale machozi yakimlengalenga, na Bi Nyoosha akashindwa kuvumilia.

"Aah, jamani! Ni mimi!"

"Wewe? Mwamuzi mzima?"

"Mkono ulikwenda wenyewe, mwalimu. Na hizo sekunde mbili..." Alimtazama Kimya. "Sina hakika nazo. Nilitaka tu iwe imepita nusu."

Mwalimu alishika kiuno, akatazama dari, kisha akaamua kwamba kosa la mwamuzi haliwezi kumwadhibu mchezaji. Kimya alipewa jaribio jingine mbele ya mwamuzi mwingine. Alimpita Bi Nyoosha tena, na safari hii kila safu ilikuwa imenyooka. Bi Nyoosha akaanza kufungasha vitu vyake.

"Mwalimu," Kimya alisema, "kwenye fainali naomba mwamuzi wangu awe yeye."

"Yupi? Aliyekuharibia?"

"Huyo huyo. Akikosea, anasema."

Bi Nyoosha aliamua mchezo wa Kimya akiwa ameikalia mikono yake yote miwili. Safu ilipobaki imepinda, vidole vilimwasha, lakini aliinama, akaitazama kila upande bila kuigusa, akasema kwa sauti, "Haijafika nusu. Hakuna adhabu." Kimya alikuwa wa tatu.

"Umeshinda?" shangazi aliuliza jioni, akijiandaa kwenda kazini.

"Nimetolewa. Nimejitoa kwa mdomo wangu mwenyewe." Akamsimulia yote.

Shangazi aliacha kufunga viatu. "Sikiliza, mwanangu. Nikimpa mgonjwa dawa isiyo yake nikanyamaza, ataumia yeye, na atalaumiwa mwenzangu. Nikisema pale pale, nitagombezwa, lakini mgonjwa atatibiwa. Mkono wa kila mtu hukosea. Mdomo ndio wa kuurekebisha, na wako leo umefanya kazi yake."

Bi Nyoosha alijifuta macho. Shangazi alitazama saa, akaguna, kisha akakaa chini.

"Haya, lete hicho kidude chako. Nionyeshe hiyo nusu ni ipi."